Marehemu Sindamuzi

Jumanne, 3 Juni 1975

Napura maharage tangu asubuhi. Mgongo unauma, tumbo la mimba limeshuka. Mchana akaja mwanamke, nyayo zimepasuka, akauliza kwa Kirundi kama hapa ni kwa Zakaria. Nikamjibu ndipo, na mimi ndiye mkewe. Akakaa chini.

"Mimi ni Skolastika," akasema. "Nami ni mkewe."

Zakaria aliniambia Skolastika alizama mto Malagarasi walipokimbia Burundi. Padri alitufungisha ndoa kwa neno hilo. Nilikasirika, lakini mgeni ni mgeni. Nilimpa maji na ndizi.

Zakaria alirudi kutoka shambani, akamwona. Kisha akasema atampeleka kwa Warundi wenzao, upande wa Kibondo. Waliondoka pamoja. Amerudi peke yake kabla ugali haujaiva. Kibondo si nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 5 Juni

Wachota maji wamekuta maiti kwenye matete. Amepigwa kichwani. Kijiji kizima kimeitwa. Ni yeye.

Polisi aliyetoka Kasulu ni mtu wa Tanga, Kiha hajui hata salamu. Aliuliza mmoja mmoja. Akamfikia Zakaria: huyu ni nani?

"Sindamuzi," akasema Zakaria.

Kwa Kirundi maana yake simjui. Polisi akaandika. Halafu akatangaza kwamba marehemu anaitwa Sindamuzi, ndugu zake wajitokeze.

Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Kiha na Kirundi ni tumbo moja, wote walielewa. Mwenyekiti wa kijiji alielewa, akatazama viatu vyake. Atakayesahihisha ndiye atakayeulizwa jina la kweli, na atalala rumande. Nami nilinyamaza. Naogopa.

Ijumaa, 6 Juni

Tumemzika. Msalaba wa mti, Sindamuzi kwa rangi nyeusi. Zakaria alichimba kuliko wote.

Simuulizi. Haniambii.

Jumapili, 15 Juni

Padri mgeni ameombea roho ya Sindamuzi. Kanisa zima tukaitikia amina. Niliwachukia wote. Kisha nikakumbuka kwamba sauti yangu nayo ilikuwemo.

Jumatano, 18 Juni

Nataka kwenda kwa mama. Zamani ingekuwa Kagerankanda, si mbali, lakini mwaka jana serikali iliwahamishia kijiji cha mbali, na huwezi kutoka hapa bila barua ya mwenyekiti. Nilimwomba. Akasema nitajifungulia njiani, nitulie.

Jioni Zakaria alikuwa ameshajua. Hakunipiga. Alinisogezea kigoda nikae, akasema polepole, "Kwenu ni hapa."

Sasa hunifuata hata kisimani. Majirani wanasema nimepata mume anayejali. Kweli mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Jumatatu, 23 Juni

Polisi amerudi. Ametafuta ukoo wa marehemu hadi Kibondo. Kila anayemuuliza kama anamjua marehemu anamjibu Sindamuzi, kwa hiyo jina anasema amelithibitisha vizuri. Amefika hata kwa Warundi wenyewe. Kwake wote mashahidi. Ningecheka kama ningekuwa na nyumba nyingine ya kulala.

Aliomba maji mlangoni petu. Zakaria alikwenda kumletea, akawa ndani mtungini. Nilikuwa na nafasi. Nikasema, "Afande."

"Naam, mama?"

Zakaria akatoka na kikombe. Akasimama.

Nikasema maji yetu ni ya kisimani, ni safi, anywe bila wasiwasi. Akanywa, akashukuru, akapanda gari. Amesema hatarudi tena mpaka ndugu wapatikane. Najidharau.

Jumatano, 2 Julai

Msichana. Mzima. Nimechoka.

Jumapili, 6 Julai

Wanawake wa jirani wamekuja na uji. Mvua hakuna, upepo tu. Zakaria alimtoa mtoto nje akiwa amemfunika vizuri, akamtaja jina mbele yao. Skolastika, kumkumbuka mke wake aliyezama Malagarasi. Wakapiga vigelegele. Mmoja alifuta machozi, akasema wanaume wenye moyo kama huo ni wachache.

Mimi sikuulizwa. Mtoto alikuwa analia, wakanirudishia nimnyonyeshe.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana halina kazi tena. Nilikuwa bado nimeinama juu ya mtoto, jirani aliposimama mlangoni na bakuli.

"Mama Skolastika," akaita, "uji unapoa."

Nimeitika.