Siku Niliyomsifu Somo Yako

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kushoto,
Mtaa wa Nyuma ya Stesheni.
Jumapili, 17 Novemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu, maana mkono haufiki.

Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na yule daktari wa macho, ulirudi kwake, au bado unasoma gazeti umelinyoosha mbali kama vile litakuuma? Sisi huku wazima. Baba watoto yuko palepale kwenye tanuri la mikate, na akirudi ananukia unga mpaka kwenye nyusi. Mimi niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, napiga pasi mashuka. Mashine inakunja yenyewe, lakini pembe nazirudia kwa mkono kama ulivyonifundisha. Msimamizi ananicheka, namwacha acheke.

Kwenye barua yako uliniuliza habari za shule ya watoto. Nilikuwa nakwepa kukujibu, Shangazi, maana sikuwa na la kujibu. Leo ninalo, na nina mengi, basi tafuta kiti.

Kwanza ujue hapa mtoto hapangiwi darasa kwa anachokijua, anapangiwa kwa mwaka aliozaliwa. Mwanangu mdogo amekuja anasoma vizuri, wamemweka na wenzake wanaofinyanga udongo na kuimba, naye amefurahi kupita kiasi. Sare hakuna, kila mtu anavaa lake. Kengele yao inalia kama ya lifti. Na la ajabu kuliko yote, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Muhula ulipofungwa niliuliza, kama mzazi yeyote mwenye akili zake, amekuwa wa ngapi? Nikaambiwa kila mtoto ana maendeleo yake mwenyewe. Nikamgeukia baba watoto, maendeleo yake mwenyewe ndiyo ya ngapi?

Nilirudi nyumbani nikiwaza siku za kufunga shule, tulivyokuwa tukipangwa kiwanjani, viatu vimepigwa rangi, mwalimu mkuu akiita majina kuanzia juu. Wewe ulikuwa ukisimama nyuma kabisa, karibu na dirisha la ofisi, na ule mkoba wako mweusi, uso mkavu kama vile hunijui. Jina langu likitajwa la pili, wazazi wengine wanakupa mkono, nawe unajibu, "Kabahatisha tu huyo." Njia nzima husemi neno. Lakini jioni sufuria ikiepuliwa, ukoko wote uko kwenye sahani yangu, na kaka zangu wamenuna. Natamani ule ukoko, Shangazi. Natamani hata ule ukimya wako wa njiani.

Sasa sikia nilichokifanya. Siku ya kuandikisha watoto tulipokewa na mwalimu wa wanafunzi wageni, mwanamke mrefu, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akatuketisha, akasema tumweleze kuhusu binti yetu. Baba watoto alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, ndiye mkalimani wetu. Nami nikajibu kama nilivyolelewa.

"Ah, mwalimu, huyu bado sana. Mvivu mvivu, hesabu zinampiga chenga, anachojua ni kucheza tu. Tunakuachia wewe, mkazanie."

Wewe unajua maana ya maneno hayo. Kwetu kila mzazi anajua, na kila mwalimu. Ukimsikia mama anamponda mwanawe namna ile mbele ya mwalimu, ujue huyo mtoto ni moto wa kuotea mbali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, si ndivyo ulivyokuwa ukituambia? Basi baba watoto akayapeleka maneno yangu yote kama yalivyo, kama tarishi anayefikisha mzigo bila kuufungua. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kwa huruma kubwa. Na somo yako, binti aliyebeba jina lako, ambaye kule nyumbani mwalimu alikuwa akimwachia ubao awafundishe wenzake hesabu, akapelekwa darasa la msaada.

Amekaa humo muda wote huu bila kulalamika, naye si amelelewa? Nikimuuliza leo mmesoma nini, ananijibu, "Tumehesabu vifungo, Mama." Nikajipa moyo kwamba ni kwa sababu lugha haijakaa, wakishamzoea watampandisha.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mshonaji. Naye ni mgeni kama sisi, katoka nchi nyingine kabisa, na wanawe wote wamepitia shule ileile. Tunaongea kwa lugha ya kuokoteza, nusu maneno, nusu mikono. Nilimpelekea sketi aipunguze, mazungumzo yakafika kwa watoto, nikamwambia binti yangu yuko darasa gani. Akaweka mkasi chini. Akachukua chaki yake ya kushonea, akanichorea kwenye kitambaa mstari mmoja unaogawanyika njia mbili. Mwisho wa darasa la sita, akasema, watoto wanatenganishwa. Njia hii inakwenda mpaka chuo kikuu, hii nyingine inakwenda kwenye ufundi mapema. Ufundi si aibu, yeye mwenyewe amewalea wanawe kwa sindano. Lakini mtoto wa darasa la msaada haulizwi anataka njia ipi. Na somo yako kwa umri wake ni wa la sita, na umebaki muhula mmoja.

Nililia kwenye ngazi, Shangazi, sketi mkononi. Yule mtoto anataka kujenga madaraja, tangu lile letu lilipobebwa na mto na shule ikafungwa. Na aliyemfungia njia ni mama yake, kwa adabu nzuri.

Nikaomba kuonana na mwalimu. Hapa huendi shuleni ukabisha hodi, unapangiwa siku kama kwa daktari wa meno. Siku ilipofika baba watoto alinyimwa ruhusa kazini. Wa kutafsiri akabaki somo yako mwenyewe, maana lugha yao sasa anaimimina kama maji.

Nikaanza. "Mwambie mwalimu siku ile nilisema vibaya. Mwambie binti yangu ana akili sana."

Somo yako akaangalia viatu vyake.

"Sema basi."

"Mama, hiyo siwezi kuisema mimi. Ataona najisifu."

"Hujisifu. Nakusifu mimi, wewe fikisha tu."

"Nimwambie ana akili kidogo?"

"Sana! Usinipunguzie maneno yangu."

Akayasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikaendelea. Nikasema alimfundisha mdogo wake kusoma kwa maandishi ya kwenye magunia ya unga. Nikasema nilipougua aliiendesha nyumba na kazi za shule hazikulala hata siku moja. Nikasema uvivu haujui, mimi ndiye niliyemsingizia. Kila neno lilinitoka kwa shida, na mara mbili niligeuka kuangalia mlangoni, kama vile kuna mtu wa kwetu amesimama pale ananicheka. Nilipofika kwenye kusema sijapata kuona mtoto mvumilivu kama huyu, mkalimani wangu hakutafsiri. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sweta.

Mwalimu akafungua droo, akampa karatasi ya hesabu za darasa la sita lenyewe. Somo yako akazimaliza, akauliza kama zipo nyingine. Mwalimu akavua miwani, ikabaki inaning'inia kwenye kamba yake, akasema kuanzia Jumatatu ahamie huko, muhula huu uwe wa kumjaribu. Jumatatu ndiyo kesho. Begi limeshafungwa na kufunguliwa sijui mara ngapi.

Lakini hilo silo linaloninyima raha. Tulipotoka getini alinishika mkono, kitu ambacho siku hizi hafanyi, akaniuliza, "Mama, yale uliyosema ni ya kweli, au ulisema tu ili wanihamishe?"

Nikasimama pale njiani, watu wakawa wanatukwepa. Miaka yote hii namlea, kumbe hajui. Mimi nilikuwa najua, Shangazi, na sasa ndiyo nimeelewa nilijuaje. Muuza duka aliniambia ulivyonisifu kwake. Mama wa jirani akaniambia. Hata yule fundi viatu mkali aliniambia. Sifa zako zilinifikia kwa midomo ya mtaa mzima, wewe ukiwa umenuna. Hapa somo yako hana mtaa wa kumnong'oneza. Mdomo alio nao ni huu wangu tu.

Nikamwambia ni ya kweli. Kisha nikamwambia na mengine ambayo hayakumhusu mwalimu, nikianzia siku aliyozaliwa. Tulikipita kituo chetu cha basi, tukakipita na kinachofuata, bado nasema.

Nisalimie Mjomba fundi redio, na kaka yangu Bonge pamoja na wanawe, na mwambie picha alizoniahidi bado nazisubiri. Somo yako na mdogo wake wanakuamkia. Mungu akutunzie macho na goti lako, na akuweke mpaka siku tutakapokaa tena kizingiti kimoja.

Wako akupendaye, na sasa nalisema kwa sauti,

Chiriku