Kuku Achinjwe kwa Jina la Nani?

Jumapili, 6 Agosti

Kanisa limechelewa kutoka tena. Sauti yangu imekauka kwa kuimba. Nimefika nimekuta stima zimepotea, nikawasha jiko nje ya mlango pamoja na Mama Zuhura kama kawaida. Yeye vitunguu, mimi maharagwe. Mlango wake na wangu unatazamana. Hapa Mashimoni ukipiga chafya, jirani ndiye anakuambia pole.

Wageni ni Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Njoroge anamleta mamake kutoka Kawangware waje kujitambulisha. Nekesa wangu anaolewa! Kakangu Wafula atakaa mahali pa marehemu babake Nekesa. Mama Zuhura atakaa kando yangu. Baba Zuhura atachinja kuku, vile huchinjia ploti nzima, Krismasi, Idi, matanga, yote. Hilo hata hatukulijadili. Ndivyo huwa.

Jumanne, 8 Agosti

Nimekasirika. Naandika ndio nisipige mtu.

Nekesa amekuja kibandani kwangu Laini Saba, ninapouza mboga. Nikafikiri amenikumbuka tu. Akashika sukuma, akaiweka, akaishika tena. Kumbe ametumwa. Mama Njoroge anauliza nani atachinja. Ati wao wameokoka, na pasta wao amewafundisha kwamba nyama iliyosomewa Bismillahi imetolewa kwa mungu mwingine. Hawaigusi. Kama ni hiyo, afadhali wasije.

Mungu mwingine! Baba Zuhura huyu huyu?

Nikamuuliza Nekesa, hiyo nyama choma wanakula huko Kawangware wakitoka kanisani, nani huchinja? Ni bucha gani Nairobi hii haijaletewa nyama ya mkono wa Muislamu? Akasema, "Mama, hiyo hawaioni."

Hawaioni! Kwa hivyo dhambi ni ya macho. Nkt.

Jumatano, 9 Agosti

Sijamwambia Mama Zuhura. Ameuliza kama kuku wamepatikana, nikasema bado. Ameuliza kama ninaumwa. Nikasema ni hii baridi.

Alhamisi, 10 Agosti

Nekesa tena. Nimemwambia mambo ambayo sikutaka kumwambia nikiwa na hasira.

Alianza yeye. "Lakini mama, si ni ukweli? Wao huomba Allah, sisi tunaomba Mungu." Nikamwambia hebu kaa chini. Ulipozaliwa mimi nililazwa nikiwa hoi, sina tone la maziwa. Mama Zuhura alikuwa na Zuhura mchanga. Akakuweka wewe titi hili, Zuhura titi lile. Kwao mtoto aliyenyonya ni mtoto, ndio maana Baba Zuhura hukuita binti yangu mpaka leo. Sasa niambie, uliuliza hayo maziwa ni ya dini gani?

Akalia. Nikaona vibaya, lakini kidogo tu. Halafu akasema, "Mama, nampenda Njoroge." Hapo ndipo aliponimaliza. Akimkosa huyo kijana kwa sababu ya kuku, atanisamehe? Sidhani. Na nikimfungia Mama Zuhura mlango siku ya mtoto aliyemnyonyesha, nitaishi vipi naye hapa, jiko kwa jiko?

Nimeunguza ugali. Nimeula hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimemwambia Mama Zuhura. Nilifikiri atapiga kelele. Wapi! Akafikiria kidogo, akasema, "Pika samaki. Samaki hachinjwi." Nikaruka kwa furaha. Nikampigia Nekesa simu pale pale. Nekesa akasema Mama Njoroge hali samaki, ati hata harufu yake tu inamsumbua.

Haki ya Mungu, huyu mama anakula nini?

Nekesa akasema tupike sufuria mbili. Ya Wafula na ya Baba Zuhura. Watu wengi hufanya hivyo, wala si ajabu. Nimekataa. Nikitenga sufuria siku kama hiyo, nitakuwa nimesimama mbele ya watu wote nikasema Mungu ni wawili, mmoja anakula huku, mwingine kule. Nimekuwa nikisema Mungu ni mmoja tangu nihamie ploti hii. Sasa nile maneno yangu kwa kijiko?

Nikaenda kwa Baba Zuhura mwenyewe. Nilikuwa na hakika naye. Nikamwambia, Wafula atachinja, atataja jina la Mungu vizuri, wewe utakula? Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Mungu ni mmoja, Mama Nekesa. Lakini mimi nala nilichochinja mimi, ama Muislamu mwenzangu."

Nimetoka bila kuaga.

Miaka yote hiyo nimekula cha mkono wake. Chapati zangu anakula, chai yangu anakunywa, nyama yangu ng'o. Na sikuwahi kuliona, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nakula. Inauma kuliko hata ile ya Mama Njoroge. Ya Mama Njoroge ni ya mgeni.

Jumatatu, 14 Agosti

Leo nimemuuliza Mama Zuhura waziwazi. Hatujawahi kuulizana. Tumeulizana yote, hata ya waume, lakini hilo hapana.

Mungu wako na wangu ni mmoja?

Akasema, "Ni mmoja. Ila nyinyi mnasema ana mtoto."

Nikamwambia hatumaanishi hivyo anavyofikiria. Nikaanza kumweleza Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, watatu lakini mmoja. Nikafika katikati nikapotea. Nikarudi mwanzo, nikapotea tena. Yeye akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nikamwambia na nyinyi mbona mnamwabudu mkitazama upande mmoja tu, kwani kwingine hayuko? Hapo akaacha kucheka.

Kila mtu akapika chakula chake akaingia ndani. Mara ya kwanza sijaonja mboga ya mwenzangu.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimeamua. Wafula atachinja. Sufuria moja.

Sijivunii. Nimeona aibu toka asubuhi, wateja wananiongelesha sisikii. Lakini Mama Zuhura nitabaki naye hapa mlangoni, na Njoroge akienda ameenda. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Nimemuumiza mwenye uvumilivu kwa sababu ana uvumilivu. Ndivyo tunavyofanya watu, na si vizuri.

Nilienda kumwambia mwenyewe, sikutuma mtu. Akasema sawa. Sawa tu! Nilitaka anitukane. Nikamwambia lakini njoo, tafadhali, mahali pako ni kando yangu. Akasema, "Mungu akipenda."

Yupi sasa, nikataka kumuuliza. Nikameza.

Ijumaa, 18 Agosti

Kuku wamefika na basi la Bungoma. Jogoo mmoja amemdonoa Wafula mkono. Namuelewa huyo jogoo.

Jumamosi, 19 Agosti

Wameenda. Miguu inawaka moto. Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi Wafula alichinjia nyuma ya choo. Akaomba kwa jina la Yesu kwa sauti ya kufika Kambi Muru, ndio asikike. Hajazoea kisu. Kuku wa pili alimponyoka akakimbia ploti nzima shingo ikining'inia, watoto wakishangilia. Baba Zuhura alikuwa ameshatoka, ati ana shughuli. Angekuwepo ningekufa kwa aibu.

Mama Njoroge akaja na kofia yake ya kanisa, akaruka mtaro na viatu virefu bila kulalamika. Alileta mkate, sukari, na blanketi zuri sana. Akasalimia kila mtu kwa mkono, mpaka mlevi wa chumba cha mwisho. Si mtu mbaya. Hilo ndilo lilinikera zaidi, nilikuwa nimejitayarishia mtu mbaya.

Na Mama Zuhura akaja. Amevaa buibui mpya, hina mikononi, amependeza kuliko mimi. Akakaa kando yangu. Akaenda akanawisha wageni mikono kwa birika. Akagawa soda. Akamsifu Nekesa kwa Mama Njoroge mpaka mtoto akainama kwa haya.

Halafu ikafika kupakua. Nikapakulia wageni, Wafula, Njoroge. Nikashika sahani ya Mama Zuhura, mkono ukakataa kwenda. Nimwekee kuku nimtukane? Nimwekee wali mtupu wote waone? Nikabaki na mwiko hewani kama mjinga.

Mama Njoroge akaona. "Huyu mama mbona hapakuliwi?"

Mama Zuhura akasema, "Nimefunga, dada."

"Umefunga? Leo?"

"Kwa ajili ya hawa watoto."

Mama Njoroge akaweka kijiko chini. Akasema kwao kanisani pia hufunga, na kufunga kwa ajili ya ndoa ya mtoto wa mwenzako ni kitu kikubwa. Akanyoosha mkono juu ya meza akamshika Mama Zuhura. "Bwana asifiwe, dada." Mama Zuhura akasema, "Amina."

Wakashikana hivyo. Wafula akaendelea kula.

Mimi ndiye peke yangu nilijua. Mama Zuhura hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi. Jumamosi hajawahi. Nikasema naenda kuchukua chumvi, nikatoka nikasimama kwenye jiko nikalia kwa hasira. Anagawa soda na koo limekauka. Anasifu mtoto na tumbo tupu. Na yule mwingine anamshukuru bila kujua kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfungisha. Nilitaka kurudi niseme ukweli wote pale mezani, sufuria ipinduke, wageni waende zao.

Nikarudi na chumvi.

Walipoondoka azana ya magharibi ikalia. Mama Zuhura akala tende akinywa maji, amesimama mlangoni kwake. Mimi kwangu.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani sikuenda. Nimefua.

Mama Njoroge amepiga simu. Amefurahi, mambo yanaendelea. Akaniomba nimwambie yule mama kwamba huwa anafunga Jumatano, wafunge siku moja wakiombea watoto, kila mtu kwake. Nikasema nitamwambia. Sikuongeza kitu.

Nimemwambia. Mama Zuhura akasema, "Mwambie Alhamisi." Tukacheka kidogo, si sana.

Halafu nikamwambia asante kwa ule uongo wa jana. Akaniangalia vibaya kweli. "Uongo gani? Mimi nidanganye siku ya mtoto? Niliamka daku, nikatia nia ya kufunga." Daku peke yake, chai na mkate wa jana, nyumba nzima imelala.

Bado nina hasira, na sijui ni kwa nani. Kuhusu Mungu sijui zaidi ya nilivyojua Agosti ikianza, labda najua pungufu kidogo.

Jioni amekuja kwangu akakaa. Mchuzi wa kuku umebaki nusu sufuria, uko pale pale juu ya jiko. Nikashika kiberiti niupashe moto, nikakirudisha. Nikachemsha chai kwenye sufuria nyingine, nikatoa chapati zilizolala. Tukala kavu, yeye na mimi.