Ndoo ya Figo Langu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Miezi kumi na minne tangu niondoke nyumbani, Bariadi. Siku ya tano tangu nipasuliwe. Nipo wodini, Bukoba. Figo la kushoto limo kwenye ndoo chini ya kitanda, ndani ya dawa inayowasha macho.

Daktari Karugendo anahofia saratani ya nyama laini. Anasema huota zaidi pajani au mkononi. Kwenye figo ameiona mara mbili tu maisha yake yote. Na hupenda kuhamia mapafuni. Ikihamia? Akasema tusubiri jibu. Huyu mtu hajui kudanganya.

Mpimaji yuko Mwanza, na ndugu wa mgonjwa ndiye hubeba ndoo. Ndugu sina huku. Nina Elikana – tunabeba wote makreti ya sangara kisiwani, Muleba.

Jumanne, 4 Machi
Elikana nusura animalize. Nesi Edvina kamkuta nyuma ya wodi, keshamwaga dawa, anajaza barafu.
"Sista, nyama husafiri na barafu. Miaka tisa sijaozesha samaki hata mmoja."
"Waitu, jamani, huyu ni sangara? Ukiigandisha hawasomi kitu. Na mwenzako ana figo lingine la kupeleka?"
Katoa barafu, katia dawa mpya, kafunga mfuniko kwa plasta. Nilicheka, mshono ukauma, nikaacha.
Elikana amepanda basi, ndoo mapajani.

Alhamisi, 27 Machi
Nalala Kahororo kwa shangazi yake Elikana. Ebitoke, ndizi za kupika, asubuhi; ebitoke jioni. Suruali inaanza kunibana.

Leo jibu. Ni yenyewe, saratani ya nyama laini. Halafu daktari akasoma mstari wa chini: kingo zote safi, imetoka nzima. Nikamwomba asome tena. Akasoma.

Elikana anatembea koridoni kama yeye ndiye aliyepasua. Anamwambia kila mtu kwamba figo alilipeleka yeye. Edvina: "Baada ya kutaka kuliuza kwa kilo."

Imebaki picha ya kifua. Sijalala vizuri kwa ajili ya hayo mapafu.

Jumatano, 2 Aprili
Mapafu safi. Yote mawili.

Mimi niliyeishia darasa la tano nimesimama mbele ya picha, daktari ananionyesha kwa kalamu: hapa hakuna, hapa hakuna. Nimeyatazama mpaka mgonjwa mwingine akaitwa. Nilitoka nje nikajikuta naimba, na sauti sina.

Daktari anasema leo hakuna, ya kesho hajui. Kila miezi mitatu nipimwe. Ameandika nirudi 2 Julai.

Tajiri wetu wa sangara amepiga simu, kazi ipo. Nimemwambia makreti basi.

Nikampigia mke wangu Jenifa. Mapafu safi, nikasema.
"Nakuuliza umepona?"
Nikasema ni safi.
Akauliza: "Unakuja lini, na unakaa mpaka lini?"
Nikamwambia Jumamosi jioni nitakuwa mlangoni. Mpaka mwisho wa Juni.