Mchicha Damu, Kabichi Maji

Jumatatu, 3 Juni
Nimekata mchicha alfajiri. Mafungu arobaini. Sokoni Mwandiga saa moja. Zaituni alishafika kutoka Ujiji na kabichi zake. Miaka tisa tunauza meza moja, yeye kushoto, mimi kulia.

Muuguzi amekuja kufundisha lishe. Mchicha una madini ya chuma mengi kuliko kabichi, unaongeza damu. Una vitamini A pia, ya macho. Kabichi ina vitamini C, na hiyo inausaidia mwili kuchukua chuma cha mchicha. Tusiichemshe sana. Tule vyote viwili, amesema.

Nimeelewa vizuri.

Jumanne, 4 Juni
Nimewaitia wateja kwa ile nusu ya somo inayonifaa. Mchicha damu! Kabichi maji matupu! Watu wakacheka, wakanunua. Saa nne nimemaliza. Zaituni kabaki na lundo lake.

Nilijua ninachofanya. Nimefurahi.

Alhamisi, 6 Juni
Mjamzito alishika kabichi mbili. Nikamwambia aziache, mtoto atazaliwa hana damu. Akaziacha.

Zaituni akanirushia jiwe la mizani. Begani. Nikamvuta ushungi, tukaanguka kwenye nyanya zilizooza. Nimemng'ata sikio mpaka likachanika. Wanaume walishangilia kama wako mpirani.

Nimesukutua mara tatu. Ladha haitoki.

Ijumaa, 7 Juni
Bustani yangu bondeni imeng'olewa. Matuta yote sita, mizizi juu, kisha yakakanyagwa. Mume wangu Filbert anataka twende kwa mtendaji wa kijiji.

Sitaki mtendaji. Nataka kumuumiza.

Alhamisi, 13 Juni
Nimetoka kwa dhamana jana. Naandika ya Jumamosi.

Nilikwenda sokoni na panga. Nikazipasua kabichi zake moja moja, majani yakaruka hadi kwa wauza dagaa. Watu walikimbia. Zaituni hakukimbia.

"Nikate na mimi basi!" alisema, akaweka mkono juu ya kabichi ya mwisho.

Panga lilikuwa limeshashuka. Ningeweza kulipindisha? Polisi waliniuliza. Najiuliza mwenyewe. Sijui.

Vidole vyake viwili, mkono wa kulia. Vilibaki kwenye majani. Yeye hakupiga kelele, mimi ndiye niliyepiga. Kisha watu wakanishukia kwa mateke na magongo. Jino la mbele halipo. Walistahili kunipiga.

Ijumaa, 14 Juni
Nimekwenda hospitali. Dada yake alinizuia mlangoni, akanitemea mate usoni. Sikuyafuta. Zaituni akasema niingie.

Mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Sikio lina nyuzi.

"Bustani aling'oa kaka yangu," alisema. "Nilimkataza."

Nikamwambia nilidanganya, muuguzi alisema tule vyote viwili.

"Si nilikuwa nimekaa hapo hapo? Nilimsikia. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Akageukia ukutani. Nilisimama, nikaondoka.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Filbert kaenda peke yake. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi.

Nimejaribu kumenya kitunguu kwa mkono wa kushoto tu, kama Zaituni sasa. Kimeviringika hadi mlangoni. Nimekiokota, nikajaribu tena. Kimeanguka tena.

Nimekaa chini.