Swali Lililovuka Korongo

Jumatatu, 4 Machi

Nimekamua, ng'ombe wameenda malishoni, nimekaa kuandika swali. Mara ya tatu sasa. Baraza la Wilaya, ambamo mimi ni mjumbe, litakaa Mbulu Alhamisi ya tarehe 21. Kikao cha kwanza waliniambia muda umekwisha. Cha pili karani akasema karatasi yangu haionekani. Safari hii nimeandika nakala mbili. Moja nitampa karani mkononi, nyingine inakaa ndani ya Biblia.

Swali lenyewe fupi. Dresa, mtibabu wa zahanati yetu, yuko wapi tangu tulipovuna maharage? Dawa zinazotumwa zinaishia wapi? Mlango utafunguliwa lini? Basi. Halina tusi. Nimelisoma kwa sauti, mke wangu akiwa anapepeta mahindi. Kasema linaeleweka.

Jumatano, 6 Machi

Tarishi wa Chifu amekuja. Kaniamkia shikamoo vizuri, kanywa maziwa, kamaliza, ndipo akasema alichotumwa. Chifu anaona swali langu litamwaibisha mbele ya Bwana DC. Anaomba nilirudishe. Kuomba kwa Chifu nakujua. Kiti changu barazani alinipendekeza yeye, na anaweza kumpendekeza mwingine.

Nikajibu nitafikiri. Mwoga mimi. Ningesema hapana palepale.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia miguu ya Paskalina, mke wa mwanangu Yohani. Imevimba mpaka viatu vimemshinda, kaja pekupeku. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Nikamnong'oneza mke wangu. Akanijibu ameshaona, yeye si kipofu.

Yohani ameajiriwa shamba la mlowezi huko Oldeani, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Zahanati iko mwendo wa nusu saa. Ingekuwa na mtu ndani, wasiwasi wangu ungekuwa nusu.

Swali sijalirudisha. Karani ameshalipokea.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi Paskalina alianguka jikoni. Mwili ukawa unamtikisika, meno yameumana. Tukamlaza kwenye machela tukakimbia naye zahanati. Kufuli. Limeshika kutu. Tuligonga hata hivyo.

Mzee Shabani, mwenye duka Dongobesh, alikuwa anapita na lori lake. Alishusha magunia yake njiani bila kuombwa, tukampakia Paskalina. Mvua, utelezi. Mtoto alizaliwa ndani ya lori kabla ya kufika Mbulu. Wa kiume. Hakulia.

Paskalina yuko hospitali. Anapumua. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 15 Machi

Tumemzika mtoto. Nimeweka tawi la miiba njiani kwa mkono wangu mwenyewe. Nyumba yetu iko metimani. Hatuendi kwa mtu, mtu haji kwetu, hatuombi moto kwa jirani, hatuchoti maji wanapochota wengine, hatukanyagi penye mkusanyiko, mpaka wazee waseme imetosha. Kwa mtoto mchanga ni miezi. Katekista atasema haya ni mambo ya kizamani. Na aje alivuke tawi basi, tumwone.

Jioni ndipo nikakumbuka tarehe 21. Nikaona aibu kukumbuka.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemkasirikia kila mtu leo. Hata kuku.

Jumatatu, 18 Machi

Nilitaka kwenda. Hapa nasema ukweli. Bwana DC hajui mambo ya metimani. Ningeingia, nikasoma, nikatoka. Lakini wajumbe wenzangu karibu wote ni wa kwetu, na habari zimeshawafikia. Ningekaa kwenye benchi peke yangu. Kila ndama atakayekufa mwaka huu wangesema nimemuua mimi. Na mwenyewe ningeogopa. Ningemwangalia mjumbe mwenye watoto wadogo nyumbani, nikajiuliza nimempelekea nini.

Kanuni ya baraza inasema mwenye swali asipofika, mjumbe mwingine aweza kusimama badala yake. Mjumbe wa karibu ni Tluway, ng'ambo ya korongo. Mtu mwema. Tangu aingie barazani hajafungua kinywa ila kupiga miayo. Hajui kusoma, na karatasi ya nyumba hii hawezi kuishika.

Mchana alikuja kusimama ng'ambo kunipa pole. Nikamweleza shida yangu. Akasema haya, nisomee. Nikamsomea kwa kupaza sauti, kipande kwa kipande, naye akarudia. Alilikosea lote.

Jumanne, 19 Machi

Asubuhi tena, alasiri tena. Sauti imenikauka. Tluway akishika dawa anaachia dresa, akimshika dresa anasahau mlango. Wanawake waliokuwa wanachota maji chini korongoni wakaanza kumsahihisha. Wachunga ng'ombe nao. Kufikia alasiri bonde zima linajua swali langu, isipokuwa Tluway.

Mjukuu wangu sikumtaja katika swali, na Tluway nimemkataza asimtaje. Swali ni la watu wote. Sitaki kulifanya kilio changu.

Mke wangu anauliza kwa nini basi naangalia njia ya zahanati kila mara.

Alhamisi, 21 Machi

Sijakaa chini siku nzima. Nimechonga mpini mpya wa jembe ambalo mpini wake mzima. Saa nne wameanza. Maswali huja baada ya taarifa ya barabara, kama saa sita. Pengine Chifu amemwita Tluway pembeni mapema. Tluway ni mwoga kama mimi. Pengine hata hakwenda.

Saa tisa mke wangu kaninyang'anya kisu. Kasema mpini umekuwa mwembamba kama mwiko.

Ijumaa, 22 Machi

Tluway alikuja ng'ambo asubuhi, akajikunja juu ya jiwe, macho chini. Nikajua swali limekufa.

Kisha akaeleza. Mwenyekiti alisoma jina langu, akasema mwenye swali hayupo, tuendelee. Tluway akasimama. Pale pale akasahau yote, kuanzia neno la kwanza. Akabaki anatazama picha ya Malkia ukutani. Wakacheka. Bwana DC akamuuliza, huyo mwenye swali yuko wapi basi?

Tluway akajibu, "Yuko metimani. Walifika na mkwe wake wakakuta kufuli, mtoto akazaliwa amekufa."

Anasema kicheko kilikatika. Wazee wakainamisha vichwa. Bwana DC hakuelewa, akamgeukia Chifu amfafanulie hiyo metimani ni nini. Chifu akavua kofia, akaeleza. Mbele ya wazee wale hakuweza kupunguza kitu. Bwana DC akauliza, kufuli gani? Hapo, anasema Tluway, swali likamrudia lote kichwani. Dresa, dawa, mlango, kwa mpangilio. Akalisema mpaka mwisho, kisha akalisema tena kwa sababu alishindwa kunyamaza.

Jibu walilopewa: litashughulikiwa. Jibu hilo tumeshalisikia.

Nilimkataza kumtaja mtoto. Nimemkasirikia sana. Nikamwambia ahsante, nikaingia ndani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu lori lile.

Jumatatu, 1 Aprili

Paskalina alirudi juzi, lori la Mzee Shabani likamshusha mbali na tawi. Yohani naye yupo. Paskalina anakula kidogo. Kifua kinamuuma kwa maziwa, anajikanda mwenyewe kwa maji ya moto.

Leo amefika dresa mpya, mtu wa mbali, na masanduku mawili. Tluway alikuja kunitangazia kutoka ng'ambo, akasema na kufuli wamelitupa. Kutoka uani kwetu zahanati inaonekana. Watu walikuwa wanapanda tangu asubuhi, wengi na chupa ya kutilia dawa mkononi. Mama mmoja alibeba mtoto mgongoni, akatoka baada ya muda mfupi, akashuka polepole.

Sisi bado. Wazee wamesema mpaka mavuno. Dresa angekuja mwenyewe kama ningemwita, hajui mila zetu, lakini kesho yake nani angekubali kuguswa na mikono yake. Sikumwita.

Paskalina alitoka na ungo wa maharage, akakaa karibu nami, akatazama kule. Akauliza wanafungua saa ngapi. Nikamwambia saa mbili.

Akaitikia, akaendelea kuchambua.