Kamera ya Uani

Jumatatu, 6 Januari
Sijawahi kumwambia mtu: ninaimba. Kanisani nafungua mdomo tu, sauti haitoki. Lakini shangazi akienda sokoni kuuza asali, nikabaki uani na vyombo, naimba kwa sauti yangu yote. Leo pia. Nikiwa nasugua sufuria, kamera iliyo juu ya mlango wa jiko ikageuka. Ikanitazama. Huwa shangazi anaigeuza kwa simu yake. Simu alikuwa ameisahau mezani.

Jumatano, 8 Januari
Imegeuka tena. Nilihamia upande wa banda la kuku, ikanifuata. Naogopa ua wa nyumba yetu.
Kwenye kozi ya kompyuta, ninayosoma nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, nilimwuliza Madamu Rehema kwa kunong'ona. Mtu aliye mbali anaweza kugeuza kamera? Akasema ndiyo. Kila kifaa cha nyumbani kina anwani yake, na ruta ndiyo geti la kutokea nje. Mwenye nywila anaingia, hata akiwa Kigoma.
Nywila yetu ya ruta imeandikwa kwa chaki ukutani, juu ya mtungi wa wageni. Shangazi hamnyimi mgeni maji. Siku hizi hamnyimi na intaneti.

Alhamisi, 9 Januari
Nimefuta chaki. Nimebadili nywila ya ruta. Ndefu, herufi na tarakimu. Shangazi kalalamika: "Sasa wageni wangu niwaambie nini?" Nikamwambia nitawatengenezea mtandao wao, mbali na wetu. Akacheka. "Haya, injinia."

Ijumaa, 10 Januari
Imegeuka.
Nimeosha vyombo jikoni, mlango nimefunga. Sikuimba.

Jumapili, 12 Januari
Fundi Masele, aliyetufungia ruta na kamera, amekula kwetu baada ya ibada. Shangazi anampenda. Jumatatu ya tarehe 20 naanza kazi dukani kwake, mtaa wa Kitete. Walikubaliana wao wawili. Mimi niliitikia tu.
Nikampelekea maji ya kunawa. Shikamoo. "Marahaba, mwanakwaya." Kisha akainama, taratibu: "Ule ubeti wa pili unaupatia kuliko wa kwanza."
Maji yalimwagika. Nimekimbilia nyuma ya banda.

Jumatatu, 13 Januari
Sasa nimeelewa. Ruta ina nywila yake, kamera ina yake. Nilibadili moja tu. Kamera inatuma picha na sauti nje, na mwenye nywila ya kamera anazipokea popote alipo. Ya kwetu ni ileile aliyoweka fundi siku anaifunga.
Nimefungua simu ya shangazi. Programu ya kamera inaonyesha watumiaji wawili. Shangazi ni mmoja.
Nimemfuta wa pili, nikaweka nywila mpya. Shangazi sijamwambia. Nani ataniamini mimi, nisiyeongea?

Jumanne, 14 Januari
Amekuja asubuhi, na pikipiki yake.
"Shikamoo, mama. Kamera yenu imezima, nimekuja kuiangalia."
Shangazi alikuwa anachuja asali. Hakuitikia salamu.
"Nani kakuambia imezima?"
"Aah, mama, si nimehisi tu."
"Umehisi."
Akanigeukia. Nilikuwa nalia, sikuweza kujizuia. Akanitazama, akaitazama kamera, akarudi kwangu. Akaweka chujio chini.
"Masele, panda pikipiki yako. Na huyu mtoto dukani kwako haji."

Ijumaa, 17 Januari
Kamera tumeing'oa. Ukutani yamebaki matundu ya skrubu.
Shangazi hajaniuliza yule alisikia nini. Nadhani ananisubiri. Jana jioni pikipiki ilipita mbele ya geti polepole mno, haikusimama. Sote wawili tuliisikia.
Wageni wana mtandao wao sasa, na nywila yao ya chaki juu ya mtungi. Ya kwetu haijaandikwa popote.
Shangazi ameenda sokoni. Vyombo vilikuwa vichache. Nilitazama yale matundu, kisha geti, kisha tena matundu.
Nimeimba. Ubeti wa kwanza tu, chinichini.
Usimwambie mtu.