Sabuni ya Majivu na Nyanya Chungu za Mama

Mbugangari, Gisenyi
Rubavu
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Belyse,

Salamu nyingi zikufikie huko Lubumbashi, na zikukute umekaa, ingawa najua wewe hukai. Hujambo? Baba Igihozo hajambo? Na Igihozo mwenyewe, lile jino limeng'oka au bado analitikisa mbele ya wageni?

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Kaka yako Aimable bado anaendesha gari lake la abiria la Musanze, na mgongo wake bado unalalamika kila jioni. Mimi cherehani yangu haipumui, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sketi ya mtoto iwe tayari jana. Mama hajambo. Nimeandika vizuri, usidhani kalamu imeteleza. Mama hajambo kabisa, na leo mchana amekula sahani mbili.

Nimekuandikia barua kwa sababu Onésphore, yule jirani yetu dereva wa lori, anashuka Lubumbashi wiki hii na amekubali kubeba kifurushi. Lakini sababu kubwa ni kwamba kwenye simu siwezi kusema neno. Ukipiga tu, Mama anavuta kigoda, anakaa ubavuni pangu na kuagiza niweke sauti kubwa. Ningekujibu nini siku ile uliponiambia kwamba kama Mama hali kwangu, mwezi wa tisa shemeji yako Régis atakuja na gari kumchukua? Mama alikuwa anasikia, na mimi nilikuwa namwona anavyosikia. Nikasema "sawa wifi", nikaenda kulia nyuma ya cherehani.

Maneno yako yaliniuma, Belyse, sitakuficha. Ilikuwa kama kuniambia sijui kupika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Mama alikuwa anakonda, hata kitenge anakizungusha kiunoni mara mbili, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukunja nguo zake na kuzipanga pembeni bila kusema. Nilijua akiondoka kwa umri ule hatarudi tena Gisenyi. Lakini leo silii, leo napiga vigelegele kwa kalamu.

Unakumbuka Mama alivyohamia kwetu, baada ya mto kuibomoa ile nyumba ya Kanama. Hakuja na sufuria wala godoro. Alikuja na mbegu za intoryi zake zimefungwa kwenye pembe ya kitenge, zile nyanya chungu zenye uchungu wa kumkunja mtu uso. Akazipanda kwenye magunia kando ya ukuta wa ua, zikakubali. Hapo Mama akawa anakula vizuri. Za sokoni hazitaki, anasema ni maji yaliyovaa ngozi. Hata hivyo bado alikuwa akisema "hapa kwa Aimable", "mlango wa Aimable", "maji ya Aimable", kana kwamba mimi ni mpangaji. Nilivumilia, maana ndiyo dunia ya mwanamke aliyeolewa.

Kiangazi kilipoingia, majani ya zile intoryi yakaanza kuwa na vidoadoa vyeupe, kama mtu amenyunyiza unga. Baadaye yakageuka rangi ya kutu, yakajikunja, maua yakadondoka. Mama akaona ni mambo anayoyajua. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alichukua majivu ya jiko na kuyamwaga juu ya majani, gunia moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akifanya Kanama kwenye maharage. Na kila alivyozidisha majivu, ndivyo mimea ilivyozidi kuugua. Ilipoacha kuzaa, Mama naye akaacha kula. Vijiko viwili, anasema ameshiba, anasukuma sahani.

Aimable, kwa kuwa ni mwanamume na mwanamume hakosi suluhisho, akaleta chupa ya sumu. Akanyunyiza ua mzima huku amejifunga shati usoni. Siku tatu tulishangilia. Kisha ule ugonjwa ukarudi na nguvu mpya, na wale wadudu wazuri wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, wanaokula wenzao, tukawakuta wamekufa chini ya magunia. Mama akasema sasa hata zikizaa hatazila, zimelishwa sumu. Tulilazimika kukata matunda yote yaliyokuwa yamebaki na kuyafukia, tukaanza kusubiri upya.

Mimi ni fundi wa nguo, wifi, macho yangu ndiyo shamba langu. Siku moja nilikuwa nikigeuza jani moja nikaona nyuzi. Nimeshona kwa nyuzi za kila namna lakini nyembamba namna ile sijapata kuziona, zimetandwa chini ya jani kama mtu anadarizi. Nikachukua kipande cha satini nyeupe, nikalikung'uta jani juu yake. Vikadondoka vitu kama vumbi la pilipili. Nikamwita Rayhana, yule jirani yetu anayeuza mawese kutoka Goma, anisaidie kutazama. Akainama mpaka pua ikagusa kitambaa.

"We Liliane," akasema, "hii haiko vumbi. Angalia muzuri, banatembea!"

Kweli vilikuwa vinatembea. Nikasugua kwa kidole, satini yangu ikachorwa mstari mwekundu. Ni utitiri, Belyse. Vijidudu visivyofika hata kichwa cha sindano, vinanyonya majani kwa chini, na sisi tulikuwa tunapigana navyo kwa juu.

Nikasimama pale uani nikatazama magunia yote kwa zamu. Moja tu lilikuwa na majani mabichi, lile lililo chini ya kamba ya nguo. Nikajiuliza lina nini. Lina maji tu! Kila ninapofua, nguo zinalidondoshea. Na Mama halimwagii majivu, kwa sababu anaogopa kuchafua mashuka yangu. Hayo mengine yote yalikuwa yamefunikwa vumbi, na utitiri unapenda mahali pakavu penye vumbi kuliko sisi tunavyopenda kivuli. Ni majivu ya Mama yaliyokuwa yakiufuga.

Sasa hebu niambie, wewe uliyezaliwa katika familia hii, ni mkwe gani atakayefungua kinywa na kumwambia mama wa mumewe kwamba mkono wake ndio unaoua chakula chake? Mimi hata jina lake silitaji. Hata hapa kwenye barua naandika Mama tu, na nitafanya hivyo mpaka nife. Nikamwambia Aimable aseme yeye, maana ni mama yake. Akakumbuka ghafla kwamba gari lake lina tairi bovu. Siku zikapita, majivu yakaendelea kumwagwa, na mimi nimesimama dirishani kama mtu anayeona mtoto anachezea kisu ilhali yeye amefungwa mikono.

Rayhana ndiye aliyenifungulia njia, na hata yeye hakujua. Alikuja kutuletea mawese, akaweka dumu karibu na jiko. Mama akasikia harufu, akasema taratibu kwamba siku zile sabuni ilipoadimika, mama yake aliipika nyumbani kwa mawese na majivu. Rayhana akacheka.

"Mama, ile sabuni nyeusi? Nyanya yangu alikuwa anatuogesha nayo. Ilikuwa inatoa hata bibaya ya roho!"

Mimi sikucheka. Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikamwambia kwamba mimi nililelewa Karagwe kwa sabuni ya dukani, sijui lolote, na kwamba nimeona vijidudu chini ya majani ya intoryi vinavyohitaji kuoshwa kwa sabuni yenye nguvu. Je, angekubali kunifundisha? Tatizo moja tu, nikasema, itahitaji majivu yote ya nyumba hii, hata chembe isipotee.

Belyse, ungemwona! Yule mtu aliyekuwa akijikokota kutoka kitandani hadi kwenye kigoda alisimama wima. Majivu ya makaa akayakataa, akasema ni ya watu wavivu. Alitaka maganda ya ndizi yaliyokaushwa. Mtaa mzima ukatuletea maganda, nikawa naona aibu mbele ya wateja. Akayachoma, akachukua ndoo yangu nzuri akaitoboa kitako bila kuniomba, akatandika nyasi, akajaza majivu, akamimina maji. Yakaanza kudondoka maji ya rangi ya chai. Tukayachemsha na mawese, yeye anaamuru, mimi nakoroga, moshi unanitoa machozi, naambiwa nakoroga kama mtu anayebembeleza. Jioni tulikuwa na sabuni nyeusi, laini, yenye harufu ya kufukuza hata wageni. Na tangu siku hiyo Mama hakumwaga tena majivu juu ya majani, hata yale ya jiko.

Usidhani tulishinda siku ileile. Mara ya kwanza tuliiyeyusha nzito mno, na gunia tulilojaribia likaungua majani yote. Mama alilitazama, akasema hilo ndilo lililolipa ada ya shule. Mara ya pili tulichukua kipande kidogo tu kwa ndoo nzima. Nikakata fulana kuukuu kuwa vitambaa, tukaosha jani moja moja, chini, si juu, jua likiwa limeshuka. Mama upande mmoja, mimi upande wa pili, kama watu wanaoogesha watoto. Kila baada ya siku chache tulirudia, kwa sababu mayai yalikuwa yakitoa vijidudu vipya. Kuna wiki nilichoka nikataka kuacha. Mama ndiye aliyekuja kunigongea, kitambaa begani.

Na kazi ile, wifi, ikaleta njaa. Siku moja baada ya kuosha, aliuliza kama kuna viazi vilivyobaki. Nilikimbia jikoni kama naitwa kupokea zawadi.

Mwanzoni mwa mwezi huu majani mapya yakatoka, mapana, ya kijani hasa. Nikakung'uta juu ya satini: hakuna kitu! Nikakung'uta tena: hakuna! Niliipeperusha ile satini uani kama bendera, nikapiga vigelegele, Rayhana akaitikia kutoka kwake kabla hajajua tunashangilia nini. Wale wadudu wenye madoa nao wamerudi. Aimable anasema ni mvua. Mwambie kaka yako kwamba mvua ya kwanza imenyesha juzi, na intoryi zilikuwa zimeshatoa matunda bila kuisubiri.

Leo tumechuma za kwanza. Nimezipika na maharage na mawese ya Rayhana, nikaketi nikijifanya nachambua mchele. Mama alitafuna ya kwanza, akakunja uso kama mtu aliyetukanwa, akafumba macho. Nikajua zimekubali. Sahani ya kwanza ikaisha, akanyoosha mkono na sahani tupu. Sijapata kuona sahani tupu nzuri kama ile.

Zamani nilikuwa nimewaza kwamba siku hiyo ikifika nitakuandikia maneno makali kidogo, nikurudishie yale ya kwenye simu. Wifi ni wifi, na ulimi wangu unaujua. Lakini kimetokea kitu ambacho kimenimaliza ukali wote.

Baada ya kula nilimwambia Mama kwamba Onésphore anasafiri na kwamba ninakuandikia. Akaleta mbegu, akazifunga kwenye kitambaa, ndizo hizo utakazozikuta ndani ya kifurushi pamoja na kipande cha sabuni. Akasema niandike maagizo yake, nami nayaandika kama alivyoyatamka.

"Mwambie Belyse azipande penye jua. Aoshe majani kwa chini. Na majivu makavu asimwage kabisa juu yake, yanawanenepesha wale wadudu. Mimi nilifanya kosa hilo kiangazi kizima. Huyu alikuwa ananiona kupitia dirisha. Nami niligundua siku ya sabuni, aliposema nisipoteze hata chembe."

Kalamu ikasimama, Belyse. Nilidhani nimeficha, kumbe mwenye kufichwa alikuwa anajua, akaniacha nimsitiri. Sikuweza kumtazama. Nikauliza tu, kwa sauti ndogo, kuhusu mwezi wa tisa na safari ya Régis nikuandikie nini.

Akainuka, akachukua zile nguo alizokuwa amezikunja pembeni, akaanza kuzirudisha kwenye kabati langu, moja moja.

"Mwambie siendi popote," akasema. "Nakaa kwa Liliane."

Basi, wifi yangu. Régis asije na nafasi tupu ya abiria. Mje wote kwenye Krismasi, mje na njaa. Nisalimie Baba Igihozo, na Igihozo mbusu kwenye pengo lake. Aimable anawasalimu, Rayhana naye anasema umuandalie mteja wa mawese huko. Mungu aliyeturudishia Mama mezani awalinde nanyi mezani kwenu, msikose cha kula wala wa kula naye.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata unaponiudhi,

Liliane